Maua ya Rungwe na Mafunzo ya Kila Picha: Jawabu kwa Kijana Aliyeuliza

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeivika nchi majani baada ya ukavu wake, akalipa kila ua rangi yake na kipimo chake, pasina mshauri wala msaidizi. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya. Tumeletewa suali na kijana mmoja katika watu wa mwambao, nasi tumeona kulijibu kwa kalamu ni bora kuliko kulijibu kwa ulimi, kwani haja yake ni haja ya wengi.

SUALI

Mwenye kuuliza asema: Mimi ni mtu wa Pwani, nakaa Tukuyu kwa biashara ya nguo. Siku nisiyokuwa na kazi dukani hushika njia ya mashambani au ya mlimani, nikapiga picha za maua kwa simu yangu ya mkononi. Usiku huzirudia picha hizo moja moja, nikajifunza kwa kila moja. Mwenzangu mmoja msikitini ameniambia kuwa jambo hili ni haramu, kwa kuwa wenye kufanya sanamu wameahidiwa adhabu. Na mwengine ameniambia: "Ikiwa wayapenda maua hayo, wacha picha zisizokulipa, njoo tushirikiane tununue viazi vya maua ya Kitulo, tuvipeleke Tunduma vivuke mpaka, tupate faida." Je, lipi katika haya mawili ni halali na lipi ni haramu? Na yako mafunzo ya dini katika kuyatazama maua, au ni kupoteza wakati?

JAWABU

Ewe ndugu yetu, Mwenyezi Mungu akuzidishie fahamu. Umeuliza mambo matatu, nasi tutakujibu kwa milango mitatu, kisha tukuusie machache. Na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu.

MLANGO WA KWANZA: HUKUMU YA PICHA YA UA

Jua kuwa onyo lililokuja katika hadithi sahihi juu ya wafanyao sanamu ni onyo kubwa, wala haimpasi Mwislamu kulidharau. Yule aliyekuonya msikitini amekuonya kwa kuichelea dini yako, basi usimchukie. Walakini ilimu haikamiliki kwa kushika neno moja na kuwacha la pili.

Maimamu wawili, Bukhari na Muslim, wamepokea kuwa mtu mmoja alimjia Sayyidna Abdallah bin Abbas (R.A.), akamweleza kuwa riziki yake yatokana na kazi ya mikono yake, naye hufanya sanamu. Ibn Abbas akamsikizisha onyo aliloliskia kwa Mtume (S.A.W.). Yule mtu akashikwa na khofu, pumzi zikampanda na uso ukambadilika rangi. Ibn Abbas alipomwona katika hali ile hakumfukuza wala hakumvunja moyo, bali alimwonyesha njia: ikiwa hana budi na kazi ile, basi na afanye miti na kila kitu kisicho na roho.

Tazama hekima ya wanavyuoni wa kwanza. Alimfungia mlango mmoja, akamfungulia wa pili papo hapo, asirudi nyumbani kwake hana la kufanya. Na Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka wa 676 wa Hijra, katika kuisherehesha Sahihi ya Muslim amebainisha kuwa kuchora mti na mfano wake katika visivyo na roho si haramu. Akataja kuwa Mujahid peke yake ndiye aliyeuchukia mti wenye matunda. Na Kadhi Iyadh amesema hakuna mwengine aliyeishika kauli hiyo. Haya ndiyo yaliyo mikononi mwetu katika madhehebu ya Imamu Shafi'i. Na ua ni sehemu ya mti, halina roho. Basi hata lau ungelichora kwa mkono wako, pasingekuwa na ubaya.

Ama picha ya kamera, wanavyuoni wamehitalifiana juu yake tangu ilipoenea. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka wa 1914 hata 1920, aliandika risala akaijuzisha. Hoja yake ni kuwa mpiga picha haumbi mfano wa kitu, bali hukizuia kivuli chake tu kisiondoke. Wako waliomkubali, na wako waliomkatalia. Lakini ugomvi wao ni juu ya picha ya mwenye roho. Ua limo nje ya ugomvi huo.

Huenda ukauliza: je, nyuki akitua juu ya ua ninapopiga? Jawabu ni kuwa nyuki ana roho, hivyo suali larejea katika ule mgogoro wa kamera. Anayewafuata waliojuzisha hana neno, na anayetaka kujiepusha na shaka na angoje, kwani nyuki hakai. Wala hawa wawili wasikosane kwa ajili ya nyuki.

Tena, kamera asili yake si kitu kigeni kwetu Waislamu. Al-Hasan bin al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeishi Misri karne ya tano ya Hijra ilipoingia, alichunguza katika vyumba vya giza jinsi mwanga unavyopenya katika tundu, akabainisha kuwa tunaona kwa mwanga unaotoka katika vitu ukaingia machoni, si kwa mwanga utokao machoni. Kitabu chake cha ilimu ya kuona kilifasiriwa kwa Kilatini, watu wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Hiyo simu uliyoishika ni chumba kidogo cha giza chenye tundu na kioo. Basi usiione kama mgeni. Lakini mhoji, kama unavyomhoji kila aingiaye nyumbani mwako, anakuja kwa kheri au kwa shari.

MLANGO WA PILI: MAFUNZO YALIYOMO KATIKA KILA PICHA

Umeuliza kama kuyatazama maua ni kupoteza wakati. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An'aam, baada ya kutaja mvua na mimea na mitende na mizabibu, ametuamrisha tuyatazame matunda yanapotoka na yanapowiva. Ni amri ya kutazama, wala hakuamrisha kula peke yake. Na katika Sura ya Aali Imran amewasifu watu wanaofikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi, hali wamesimama na wamekaa na wamelala. Basi anayetazama kwa kufikiri yumo katika ibada, na anayetazama kwa kupumbaa yumo katika mchezo, ijapokuwa wote wawili wameshika simu moja.

Nawe umekaa katika nchi ambayo haina udhuru wa kutotazama. Tukuyu, iliyoitwa na Wajerumani Neu Langenburg katika siku zao, iko chini ya mlima Rungwe, wenye urefu wa kiasi cha mita 2,960, na mvua zake ni katika mvua nyingi kabisa za Tanzania nzima. Na ukipanda kutoka njia ya Mbeya pale Isyonje wafika katika uwanda wa Kitulo, juu ya mita 2,600, ambao wenyeji wauita Bustani ya Mungu. Huko yahesabiwa mimea aina 350, na katika hiyo okidi za ardhini aina 45. Mwaka wa 2005 serikali iliutangaza uwanda ule kuwa Hifadhi ya Taifa, nayo yatajwa kuwa ya kwanza katika Afrika ya nchi za joto kuwekwa khasa kwa ajili ya maua. Mvua zinapoanza mwezi wa Novemba hata kufikia Aprili, majani yale hugeuka rangi kwa maua.

Basi sikiliza mafunzo matano, kila moja katika picha moja.

Picha ya kwanza ni ile iliyoharibika. Kila mpiga picha anayo: upepo umetikisa ua, au mkono umetetema, au jua la adhuhuri limezichoma rangi zikawa nyeupe. Mjinga huifuta mara moja, asione aibu yake. Mwenye akili haifuti kabla ya kuihoji: umeharibikiwa na nini? Ikiwa ni jua, kesho ataondoka mapema baada ya sala ya alfajiri, wakati mwanga ni mpole. Ikiwa ni upepo, atangoja utulie. Ikiwa ni mkono, atapiga magoti na kuegemeza kiwiko. Na hivi ndivyo Sayyidna Umar (R.A.) alivyokuwa akiwausia watu katika mambo ya roho zao, wajihesabu wenyewe kabla ya siku ya kuhesabiwa. Ajabu ni kwamba tunaikagua picha ya ua usiku kwa dakika nyingi, tukatafuta kila kasoro, na siku nzima ya umri wetu tukaifunga pasina kuikagua hata kwa dakika moja. Ewe kijana, uzoefu huu ulioupata kwa simu yako ulete katika sala yako na katika mizani ya duka lako. Ukipima nguo, irudie siku yako usiku kama unavyoirudia picha: nani nilimpunguzia, nani nilimtolea maneno makali, ahadi gani sikuitimiza.

Picha ya pili ni ya pareto, ilimwayo katika milima ya huko kwenu. Kwa mbali waliona ni ua moja jeupe lenye kitovu cha njano. Likaribie, kisha uikuze picha kwa vidole. Utaona kuwa si ua moja, bali ni jamaa ya maua mengi madogo yaliyopangwa safu safu juu ya kiti kimoja. Yale meupe ya ukingoni ndiyo yavutayo macho. Lakini ile dawa ya kuua wadudu, ambayo kwa ajili yake mkulima hulima pareto, sehemu yake kubwa kabisa imo katika vijimbegu vya yale ya katikati, madogo yasiyotazamwa na mtu. Jiulize juu ya msikiti wenu. Wako wavaao kanzu nyeupe wakakaa mbele, na jina lao latajwa kila penye dhifa. Hao wana kazi yao, hatuwadharau. Na yuko ajazaye maji birikani kabla ya alfajiri, na mzee afundishaye watoto alifu kwa kijiti, hawajulikani hata majina. Nguvu ya dawa huenda ikawa kwao. Ukikosa wao, lile jeupe la ukingoni litapendeza tu, wala halitaponya.

Picha ya tatu ni ya mgomba, na mgomba tunao hata Pwani, ila tumeuzoea hata hatuuoni. Kipige picha kile kichwa chekundu kama zambarau kining'iniacho mwisho wa mkungu. Kila jani la kichwa kile likifunuka, chini yake pana safu ya maua. Safu za kwanza kufunuka ndizo zizaazo ndizi. Kisha hufika mahali, maua ya safu zinazofuata hufunuka vile vile, kwa umbo linalokaribiana, lakini hayazai. Huanguka chini yakaoza. Mgomba ni ule ule na utomvu ni ule ule, ila wakati umepita. Hivi ndivyo ulivyo ujana. Mtu aliyehifadhi Kurani na kujifunza dini yake katika safu za mwanzo za umri wake amezaa matunda. Na asemaye, "Nitatubu nikizeeka, nitasoma nikipata nafasi," huenda akafunuka wakati wa kuanguka. Hatusemi kuwa mlango wa toba umefungwa kwa mzee, la hasha. Rehema ya Mwenyezi Mungu ni pana kuliko mgomba. Twasema kuwa nguvu haingoji.

Picha ya nne ni ya ua la mchai. Mashamba ya chai yameizunguka Tukuyu, na watu wengi wapita kati yake miaka mingi wasijue kuwa mchai una ua. Unalo, ni jeupe lenye nyuzi za njano katikati, zuri kama asumini. Lakini hulioni shambani ila kwa nadra, kwa sababu ncha za mchai huchumwa kila baada ya siku chache, usipewe nafasi ya kuchanua. Mwenye shamba ataka jani, hana haja ya ua, wala halaumiwi, kwani chai ndiyo aliyoipandia. Walakini sisi tuliopewa watoto, tumeamrishwa kutaka nini kwao? Yuko baba amtoaye mtoto wake chuoni akiwa na miaka minane akamkalisha dukani, kila juma amchuma ncha: leo kabebe mzigo, kesho kalinde duka, kesho kutwa kadai deni. Mtoto huwa wa manufaa, na baba hufurahi kwa majani anayoyavuna. Kisha mtoto akifika miaka ishirini, baba huuliza kwa nini hana ilimu wala adabu, kwa nini hajui kumsalia mzazi wake jeneza. Ua litoke wapi, nawe hukuuacha mti uchanue? Katika shamba, ua la chai laonekana pembeni, katika mti uliosahauliwa na wachumaji. Basi msahau mwanao kidogo katika kazi zako, umwache na mwalimu wake.

Picha ya tano ni ya okidi, na ndiyo inayoambatana na mlango wa tatu. Katika zile za Kitulo iko jamii ambayo wataalamu huiita Satyrium. Ukiikuza picha yake utaona mdomo wa ua umekaa juu kama kofia, na nyuma yake zateremka pembe mbili nyembamba, ambazo ndani yake mna utamu. Utamu umewekwa mwisho wa pembe, si mlangoni. Kwa nini? Kwa sababu mdudu anayeutaka hana budi aingize kichwa, na akiingiza kichwa hubandikwa chavua iliyofungwa fungu moja kama mzigo, naye huupeleka ua jengine pasi na kujua. Hula riziki yake, na katika kula kwake hutumikishwa.

Na okidi imewahi kumfunza mtu kukiamini kisichoonekana. Bwana Charles Darwin wa Uingereza, ambaye katika mengi hatumfuati, aliletewa okidi ya Madagascar yenye pembe ndefu karibu futi moja, na utamu uko chini kabisa. Akasema mwaka wa 1862 kuwa hapana budi kisiwani kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huo, ingawa hakuna aliyemwona. Wako waliocheka. Mwaka wa 1903 nondo yule akaandikwa katika vitabu vya wataalamu. Basi zingatia, ewe mwenye akili! Mtu atazama pembe ya ua akathubutisha kuwako kwa nondo asiyemwona, watu wakaisifu akili yake. Kisha yuko atazamaye ua lote, na nondo, na ulimi uliolingana na pembe, na mvua iliyovinywesha vyote viwili, akasema hakuona dalili ya Muumba. Huyo hakukosa dalili, amekosa uadilifu.

MLANGO WA TATU: BIASHARA YA VIAZI VYA OKIDI

Sasa tuje kwa yule mwenzako wa pili, kwani neno lake lina khatari kuliko la kwanza.

Viazi anavyovitaka ni vya hizo okidi. Watu wa Zambia huvitwanga pamoja na karanga, wakapika chakula kiitwacho chikanda, na chakula hicho kwa asili yake ni mimea iliyo safi, hatukuona sababu ya kukiharamisha. Zamani kila mtu alichimba karibu na kwake kwa kiasi cha chungu chake. Kisha miji ikakua, chakula kikawa cha kuuzwa sokoni, viazi vya huko vikapungua, na wanunuzi wakavuka mpaka kuvitafuta nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Viazi vilivyotolewa katika milima hiyo kwa mwaka vimehesabiwa kwa mamilioni.

Jua namna mmea huu unavyoishi, ndipo utakapoijua hukumu. Kwa kawaida okidi hizi huwa na viazi viwili chini ya ardhi: kimoja cha zamani, kilichokwisha nguvu kwa kulilisha ua la mwaka huu, na kimoja kipya, ambacho ni akiba ya ua la mwaka ujao. Mchimbaji akiung'oa mmea, amechukua la mwaka huu na la mwakani. Haachi kitu. Ama mbegu zake ni nyingi mno, lakini ni kama vumbi, hazina chakula ndani yake. Haziwezi kuota mpaka zikutane na aina ya kuvu katika udongo izilishe, kisha zapita miaka kabla ya kutoa ua. Hivyo kiazi kimoja ni kazi ya miaka, na kukichimba ni kazi ya dakika.

Hukumu yake yatoka katika njia tatu.

Ya kwanza, Kitulo ni mahali palipohifadhiwa na serikali kwa manufaa ya watu wote. Jambo hili halikuzuliwa na wageni. Mtume (S.A.W.) aliihifadhi Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na Sayyidna Umar akaihifadhi Sarafu na Rabadha, na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa kiongozi ana haki ya kuhifadhi ardhi kwa maslaha ya umma. Vitabu vyetu vyataja malisho ya wanyama, lakini sababu ni maslaha, na maslaha yako hapa pia, kwani uwanda ule ni chanzo cha maji ya mito mingi, na maua yake hayana mahali pengine pa kukimbilia. Anayechimba ndani ya mipaka hiyo amechukua kisichokuwa chake, na anayenunua kwake hali ajua amemsaidia katika dhambi. Tena okidi zote zimo katika mapatano ya mataifa ya mwaka wa 1973 juu ya biashara ya viumbe walio khatarini, na Tanzania imo katika mapatano hayo. Kuzivusha mpaka pasina ruhusa ni kuvunja ahadi, na Mwislamu hutimiza ahadi.

Ya pili, ni madhara. Kanuni ya sharia ni kuwa madhara huondolewa, na kuzuia uharibifu hutangulizwa kabla ya kuvuta faida. Faida ya gunia moja ni yako, na khasara yake ni ya watoto wa Rungwe na Makete ambao hawajazaliwa.

Ya tatu, ni kufisidi ardhi. Mwenyezi Mungu amekataza kufanya ufisadi katika nchi baada ya kutengenezwa kwake. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, na aupande akiweza. Basi vipi ataridhika umma huu kung'oa, na dunia ingali yaendelea?

Walakini tusimtukane mchimbaji. Wengi wao huchimba kwa dhiki ya mwisho wa mwaka, gunia la mahindi limekwisha na ada ya skuli yadaiwa, na apatacho kwa debe ni kidogo. Mnunuzi aliyeshiba, ajaye kutoka mbali na fedha mkononi, ndiye aufunguao mlango huu, na mzigo wake mbele ya Mwenyezi Mungu ni mzito zaidi. Ukitaka kufanya biashara na watu wa milima ile, viazi mviringo vyao ni halali, ndizi zao ni halali, parachichi na chai na maharagwe ni halali, na mchele wa Kyela wapendwa hata Dar es Salaam. Nunua hivyo kwa bei ya haki, ulipe pasina kuchelewesha. Kwa njia hiyo utakuwa umelihifadhi ua na umemhifadhi jirani yake pia.

Na hapa ndipo ilipodhihiri fadhila ya picha yako. Wewe na yule mwenzako nyote mwalitaka ua lile. Yeye alitaka kwa jembe, nawe walitaka kwa jicho. Akichukua yeye, hapabaki kitu. Ukichukua wewe, lingali limesimama pale pale, na mwengine ajaye nyuma yako atalikuta.

WASIA

Basi endelea na kazi yako, nasi twakuusia mambo sita.

Kwanza, safisha nia. Picha ipigwayo kwa kutaka kusifiwa mitandaoni huanza na ua na kuishia na nafsi. Pili, ingia Kitulo kwa ruhusa na kwa malipo yaliyowekwa, wala usipite kwa njia ya panya. Tatu, angalia unapokanyaga na unapopiga magoti. Usiponde maua kumi kwa ajili ya picha ya moja, wala usilichume ua ili ulipige vizuri. Nne, ua lililo adimu usitangaze mahali pake, na ujue kuwa simu nyingine huandika mahali ndani ya picha yenyewe; siri hiyo ni amana, na wachimbaji nao wana macho. Tano, kazi hii isikupitishie wakati wa sala hata mara moja. Ua litanyauka na sala itabaki. Sita, fundisha. Abu Hanifa al-Dinawari aliandika kitabu cha mimea katika karne ya tatu ya Hijra, na Ibn al-Baitar wa Malaga, aliyekufa Damascus mwaka wa 1248, alikusanya dawa na vyakula kiasi cha 1,400, baada ya kusafiri kutoka Andalusi hata Sham akiyatazama majani kwa macho yake. Hawa walikuwa babu zetu katika ilimu. Nasi leo watoto wetu wa chuoni hawajui majina ya maua kumi. Wakusanye jioni, waonyeshe picha moja, uwaulize: mwaona nini? Usiwaambie upesi. Waache watafute.

Ewe Mola wetu, tufungulie macho yetu tuzione ishara zako katika kikubwa na kidogo. Tujaalie tuwe katika wenye kuhifadhi, usitujaalie kuwa katika wenye kung'oa. Wape riziki ya halali ndugu zetu wa milima na wa mwambao, uwatosheleze na haramu. Wasamehe wazazi wetu na walimu wetu waliotufundisha kutazama. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amin.